Ndoo ya Kumi

Maji yalikuwa bado yanakimbia vumbini Dorika alipoingia uani na ndoo ya kumi kichwani. Pipa lilikuwa limelala ubavu, mdomo wazi kama mlevi. Dada yake, Agatha, alisimama katikati ya matope, anahema.

"Nenda! Si unaenda? Nenda Masasi kwa hao wenye cherehani! Nyoka wewe, nimekulea kwa mikono hii!"

Dorika aliitua ndoo taratibu, akavua ngata kichwani. Siku tano. Kila siku kushuka bondeni mara mbili, kila siku kuupanda ule mteremko wa kokoto shingo imezama mabegani. Hapa Kitangari wakati wa kiangazi mtu atakupa kuku, maji akakunyima. Hata maadui hutupiana mawe. Maji ya mtu hawayagusi.

Na asubuhi ile ile Agatha alikuwa amemsuka nywele huku akimwambia, "Mdogo wangu, sasa wewe ndiye mama yangu." Mchana, nyoka. Ndivyo alivyomfanyia mumewe, Gideoni: leo anamchemshia maji ya kuoga, kesho anamchomea mashati. Gideoni akahamia Nanganga, hata salamu haleti.

Nesi wa kliniki alikuwa amemweleza Dorika. "Dada yako moyo wake hauna ngozi. Mtu akiinuka kwenda chooni tu, yeye anaona ameachwa. Ni ugonjwa, si uchawi, na mazungumzo yanautibu. Mlete kila mwezi."

Dorika alilishika neno lile. Ndiyo maana, alipopata nafasi ya kujifunza ushonaji, aliahidi: "Dada, siondoki mpaka nikujazie pipa." Alidhani ametenda wema. Mara mbili pipa lilikaribia kujaa, mara mbili likamwagika, na mara mbili Mama Anastasia, fundi wa Masasi, akamvumilia. Juzi alituma ujumbe: Jumatatu usipofika, cherehani nampa mwingine. Leo Jumamosi.

"Chura," alisema Dorika.

"Nini?"

"Mara ya kwanza ulisema umemwaga kwa sababu ya chura. Mara ya pili ukasema ni mbuzi. Mbuzi wa nani, dada? Mbuzi gani wa kijiji hiki ana nguvu za kuangusha pipa?"

"Unanihesabia! Mnaniona kichaa, wewe na nesi wako!"

"Sikuoni kichaa. Nimekukasirikia!" Sauti ilimtoka hata kuku wakatimka. "Nimekasirika, dada! Shingo inaniuma! Ukiwa na hofu sema nina hofu, usinimwagie jasho langu chini!"

Agatha alimkodolea macho. Watu waliomkasirikia siku zote walikuwa wakiondoka. Gideoni alikuwa akidaka baiskeli. Huyu kasimama palepale, kakunja ngumi, machozi yanamtiririka.

"Utaenda, hutarudi," alisema Agatha, sauti imeshuka. "Wote hamrudi."

"Nitarudi tarehe kumi na nne, tutaenda kliniki. Ila pipa sijazi tena. Ndoo hii ni yako. Kunywa, oga, mwaga, shauri yako."

Akaingia ndani, akatoka na mfuko wake. Agatha alikuwa ameinyanyua ndoo hadi kifuani, maji yanacheza ukingoni. Dorika akasimama, akamtazama.

"Usinitazame, mbwa wewe!"

Dorika akageuka, akashika njia ya barabarani. Matusi yalimfuata hadi kwenye mikorosho, mengine ya marehemu mama yao, mengine ya watoto ambao hajawazaa. Naye alikuwa anatukana chini kwa chini, kila hatua na tusi lake. Lakini masikio aliyaacha nyuma, yakingoja kishindo cha maji.

Akapita mkorosho wa kwanza, akapita wa mwisho. Alifika barabarani hajakisikia.