Mstari Uliofungwa kwa Uzi

Kwenye gereji ya Kubra hakujawahi kulala gari. Majirani zake wote wa Markham, huko Kanada, waliingiza magari yao theluji ilipoanza, lakini Ramzanali, mumewe, alilifutia la kwake barafu nje kila asubuhi, kwa sababu gereji alikuwa ameipa mashine ya kuchapia. Ilikuwa ya mkono, ya chuma cheusi, nayo ilizungukwa na makabati ya herufi za madini ya risasi alizookota kwenye shule moja iliyokuwa ikizitupa.

Mtu wa jumuiya yao akifariki, Ramzanali na Kubra ndio waliomchapia karatasi ya arobaini: dua, jina la marehemu na ombi la Fatiha. Watu waliipenda kwa sababu ukiipitishia kidole uliyahisi maneno yalivyozama.

Sasa arobaini ilikuwa ya Ramzanali mwenyewe, Jumamosi, na hakuna herufi hata moja iliyoguswa.

"Shemeji, nitumie maneno niyapeleke duka la kopi," Asad, mdogo wa marehemu, alimwambia kwa simu. "Nikimaliza chai yangu yatakuwa yametoka."

"Ndugu yako amewachapia watu wote, Asad. Yeye ndiye atolewe kopi?"

"Uko edani, shemeji. Nani atakulaumu?"

"Mimi."

Asad akakohoa. Kisha akasema, "Basi usiinue kitu kizito. Marehemu bhai angenisuta."

Eda ilimzuia kutoka nyumbani, lakini gereji ilikuwa mlango tu mbele ya jiko. Si eda iliyomzuia kuuvuka mlango huo tangu mazishi. Aliogopa. Alijua kwamba siku atakayochapa karatasi ile kwa mkono wake, yatakuwa yamekwisha. Ramzanali atakuwa amekufa hata gerejini.

Ijumaa alasiri binti yao Naqiya akaja kutoka mjini. Alifanya kazi kwenye maktaba ya vitabu vya kale, na wiki hizo alikuwa akiandaa maonyesho ya wanawake wa Uholanzi waliochapa na kuuza vitabu karibu miaka mia nne iliyopita. Alimkuta mamake amesimama jikoni, mkono kwenye kitasa.

"Twende, Mama," akasema. Wakaingia.

Harufu ya wino ilikuwa bado ipo. Kandambili za Ramzanali zilikuwa chini ya meza, moja imelala ubavu. Kubra alizipita bila kuzitazama, akaanza kupanga herufi. Mikono ilikumbuka. Alipofika chini ya ukurasa akavuta trei, akatoa mstari wa herufi uliofungwa kwa uzi, akauweka mahali pake pa siku zote. Akapaka wino, akavuta mkono wa mashine, akatoa prufu, nakala ya kukagulia makosa.

"Mimi nasoma," alimwambia Naqiya, akimpa karatasi yenye maneno ya asili. "Wewe fuata hapo."

Hivyo ndivyo walivyofanya siku zote. Kubra alisoma prufu kwa sauti, Ramzanali alifuata kwa kidole, na kila mstari uliposimama sawa alisema, "Haya." Asiposema, Kubra alijua pana kosa, akarudi nyuma.

Akasoma mstari wa kwanza. Kimya. Akarudi kuusoma upya.

"Uko sawa, Mama," Naqiya akasema kwa Kiingereza. "Mbona unarudia?"

"Hukusema haya."

Naqiya akaweka kidole kwenye mstari. "Haya," akasema, kwa lafudhi yake ya huku.

Wakaendelea. Haya. Haya. Jina la marehemu, haya. Kubra akafika mstari wa chini kabisa, ule wa uzi, akausoma kwa kasi ileile: "Imechapwa na Ramzanali, Markham."

Haya haikuja.

"Mama," Naqiya akasema polepole, safari hii kwa Kiswahili. "Baba hakuichapa hii."

Kubra akaitazama prufu. Juu, mumewe alikuwa marehemu anayeombewa Fatiha. Chini, alikuwa fundi aliyemaliza kazi yake. Ramzanali aliupanga mstari ule mwaka walipohamia Markham, akaufunga kwa uzi kutoka kikapu cha kushonea cha Kubra ili asiupange tena na tena. Tangu hapo haukuwahi kufunguliwa.

"Si mimi," Kubra akasema. "Ni mkono umeuweka."

"Basi weka jina lako. Miaka yote hii umechapa, na hulimo kwenye karatasi hata moja." Naqiya akatoa simu, akamwonyesha picha ya ukurasa wa kitabu cha zamani. "Ona. Huyu aliendesha kiwanda Amsterdam. Chama cha wachapaji kilimruhusu aendelee baada ya mumewe kufa. Na hapa kaandika nini? Mjane wa Joris. Basi! Jina lake mwenyewe nimelitafuta mpaka nimechoka. Inaniudhi, Mama."

Kubra akaikurubisha simu machoni.

"Nani alimsomea prufu?"

"Sijui. Hakuna anayejua."

"Maskini," Kubra akasema, na hapo ndipo machozi yalipomtoka, kwa ajili ya mwanamke wa Amsterdam kwanza, halafu kwa ajili yake.

Alipotulia akauchomoa mstari, akaulaza kwenye trei. Maneno aliyoyataka yalipaswa kuingia katikati, kabla ya jina, na hayangeingia bila kufungua uzi. Naqiya akamletea mkasi. Kubra akakataa. Fundo lilikuwa la Ramzanali, dogo na gumu kama tabia yake alipokasirika. Akalihangaikia kwa ukucha mpaka likaachia.

Herufi hazikuanguka. Wino wa miaka ulikuwa umezigandisha pamoja, zikabaki zimesimama bila kushikwa na kitu. Kubra akafunika uso kwa viganja vyake. Naqiya akamshika mabega.

Kisha Kubra akazitenganisha kwa ncha ya kisu, akaokota herufi mpya moja moja.

"Na Kubra je?" Naqiya akauliza kwa unyonge.

"Kubra atakuja baadaye, mwanangu. Leo mimi ni mjane tu."

Akavuta mkono wa mashine. Wakasoma tena tangu juu, na Naqiya hakusahau haya hata mara moja. Walipofika chini Kubra akasoma:

"Imechapwa na Mjane wa Ramzanali, Markham."

Naqiya akafungua mdomo. Kubra akatikisa kichwa.

"Huu usiujibu," akasema.

Akabaki ameishika karatasi, wino haujakauka, akisubiri haya ya Ramzanali.