Mguu wa Kitwitwi

Nduta alikuwa na uchovu ule ambao usingizi hauuponyi. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameendesha studio ya picha mjini Kitale, chumba kimoja chenye pazia la buluu, na kazi iliyomlisha zaidi haikuwa ya harusi bali ya matanga. Watu walimletea picha ya kitambulisho iliyofifia. Yeye akamvisha marehemu suti kwenye kompyuta, akamfuta kovu, akamnyoosha shingo, akampa macho ya mtu aliyelala vizuri. Familia zilishukuru. Yeye alirudi nyumbani mabega yakimuuma.

Ndege walimjia kwa bahati tu. Januari moja, akitoka kupiga picha za mazishi nje ya mji, alipita kando ya bwawa la kunyweshea ng'ombe. Maji yalikuwa yamepungua, na kwenye tope la ukingoni kitwitwi mmoja, ndege mdogo wa kandokando ya maji, alikuwa akidonoadonoa huku akitingisha mkia. Nduta alimtazama mpaka akasahau alikotoka. Akampiga picha moja vivyo hivyo, amesimama, viatu vya kanisani vikizama topeni.

Binti yake, Wacera, aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Kibabii, alimwingiza kwenye kundi la WhatsApp la wapiga picha za ndege wa Bungoma, naye akaituma humo ile picha yake. Kiongozi wao alikuwa Festus Wakoli, mwalimu mstaafu wa Myanga, mzee asiyependa kuandika. Alituma ujumbe wa sauti.

"Mama Wacera, usikasilike. Ndege ni mzuri, picha bado. Maji yameinama, yanataka kumwagika. Umempiga kutoka juu kama mtu anaangaria kuku wake. Jicho ni giza. Na kivuli chake kwa maji umekata kichwa. Rudi, lala chini, umwone vile mwenzake anamwona."

Nduta aliusikiliza mara mbili. Hakukasirika, alichoka zaidi. Lakini Jumapili iliyofuata alirudi bwawani na gunia, akalitandika kwenye tope, akalala kifudifudi. Kipkemei, mchunga ng'ombe wa shamba lenye bwawa, alisogea na fimbo yake.

"Mama, umeanguka?"

"Hapana. Napiga picha."

"Ya nini?"

"Ya huyo ndege."

Kipkemei alimtazama ndege, akamtazama mama mzima aliyelala topeni, kisha akawaswaga ng'ombe wake wakanywe upande wa pili ili maji yasitibuke. Nduta alikaa pale zaidi ya saa nzima. Kitwitwi alisimama kwa mguu mmoja, kama wanavyofanya wakipumzika, akatulia, na kivuli chake kikalala majini kizima, kama kwenye kioo.

Alipoikuza ile picha studioni, ili aliongezee jicho mwanga kidogo, ndipo alipouona mguu wa pili. Haukuwa umekunjwa. Ulikomea kabla ya vidole, kigutu cheusi kilichovimba, na uzi wa nailoni umekizunguka, ncha yake ikining'inia.

Mkono wake ukafanya ulichozoea. Ukanakili mguu mzima, ukaugeuza kidogo, ukaupandikiza mahali pa kigutu, ukaufuta ule uzi. Haikuchukua hata dakika kumi. Aliituma picha na kuendelea na vijitabu vya mazishi.

Mwalimu Festus alipiga simu kabla ya saa sita.

"Mama Wacera, huu mguu umetoa wapi?"

"Ni wake, Mwalimu."

"Kwa maji ako na mguu moja."

Nduta aliangalia. Ni kweli. Juu ndege alisimama kwa miguu miwili. Chini, kivulini, kigutu kilikuwa palepale na uzi wake.

"Mwalimu, hii ndiyo kazi yangu. Nimetengeneza maiti wa nusu ya Trans-Nzoia."

"Najua. Lakini huyu bado anatembea."

Nduta alikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu mzima. Wiki mbili hakufungua ujumbe wowote wa kundi. Alijiambia kwamba mzee anajifanya, kwamba ndege ni ndege tu. Kila alipomfuta mtu kovu, hata hivyo, yale maneno yalimrudia, na mkono ulikuwa mzito.

Machi alikwenda tena bwawani. Alikuwa amewaza kwamba labda, pamoja na Kipkemei, wangeweza kumnasa na kumkata ule uzi. Hawakumkuta. Mvua zilikuwa zimeanza, na vitwitwi huondoka majira hayo kwenda mbali kaskazini. Kama aliondoka nao, au kama alifia kwenye nyasi, hakuna aliyejua.

"Jumatatu alikuwa hapa," Kipkemei alisema. "Anaruka na ule mmoja. Anakula sawa tu."

Jumamosi hiyo Nduta alifunga studio, akaenda Bungoma, akabisha kwa Mwalimu. Hakuna aliyezungumzia ile simu. Walikaa mezani na kompyuta, wakaifungua ile picha ya kigutu kama ilivyotoka kwenye kamera, isiyoguswa.

"Nyasi za juu, kata," Festus alisema. "Hapo. Jicho, kidogo tu. Sasa umezidisha, rudisha."

Nduta alirudisha. Kisha akauleta uzi karibu, akaanza kuung'arisha uonekane.

"Hapana. Usifiche na usipigie kelele. Usiwalazimishe watu kulia."

Mke wa Mwalimu, Nasimiyu, aliweka chai na kuinama nyuma yao. "Na huyu anakula aje na mguu moja?"

"Anarukaruka," Nduta alisema. "Nilimwona akishika minyoo mitatu."

"Basi hana shida."

"Ana shida, Mama," Nduta akasema. "Lakini anakula."

Nasimiyu aliitazama picha tena, akamsogezea Nduta kikombe.

Mwezi Mei kundi lilifanya maonyesho madogo kwenye ukumbi mmoja huko Kibabii. Picha ya Nduta ilikuwa ya tatu kutoka mlangoni. Watu wengi walipita moja kwa moja kwenda kwenye picha ya korongo wenye taji, wapigwe picha wakiwa kando yake. Wachache walisimama. Mama mmoja mwenye kilemba cha kijani aliinama, akakiangalia kivuli, akainuka, akaangalia juu, akainama tena. Akamvuta mwenzake mkono, naye akainama.

Nduta aliyaona hayo akiwa kwenye kiti cha plastiki pembeni, amevua viatu, miguu imemvimba. Studioni kulikuwa na vijitabu vitatu vya mazishi vikimsubiri. Mwalimu Festus akaja kuketi kando yake.

"Utaenda tena, Mama Wacera? Vitwitwi wanarudi Septemba."

"Mwalimu," Nduta akasema, macho yake bado kwa wale kina mama wawili, "wacha kwanza nikae."

Wakakaa.