Amri Iliyosubiri Hewani

Fundi Dominika aliondoka Masasi alfajiri kwa pikipiki, modemu ya kuiunganisha pampu na ofisi kwa mtandao wa simu ikiwa ndani ya mkoba mgongoni, na ilipofika saa tatu alikuwa ameshaingia kituo cha pampu bondeni, chini ya kijiji cha Chilangala. Mwangalizi wa pampu, Baba Gift, alikuwa tayari amekunja suruali.

"Shikamoo, Baba Gift."

"Marahaba, mwanangu. Wewe fanya mambo yako ya intaneti. Mimi naingia tangini kusugua tope, maadamu pampu imelala."

Tangi la zege, ambalo pampu hiyo hulijaza maji, lilikuwa hatua kumi tu kutoka kibandani. Mzee akapanda ngazi na ndoo yake, akashuka ndani kupitia tundu la juu.

Dominika akaunganisha kompyuta na modemu kwa waya wa siriali, wa kupitishia data. Mwanzoni kioo kilijaa alama zisizosomeka. Vifaa hivyo viwili vilikuwa vinazungumza kwa kasi tofauti. Akashusha kasi hadi biti 9600 kwa sekunde, ile ile ya kisanduku cha kuendeshea pampu, akajaribu tena. Modemu ikajibu: OK. Akaondoa namba ya siri ya laini, akaingiza anwani ya mtandao wa simu, akahifadhi, kisha akahamishia waya kwenye kisanduku. Taa nyekundu ikawakawaka, ikawa kijani.

Ndani ya kisanduku kitu kikalia ta! Pampu ikaunguruma.

Dominika hakuwa amegusa kitufe chochote. Ndipo akakumbuka: asubuhi mwenzake Edmund, aliyekuwa ofisini Masasi, alimpigia simu kusema amejaribu kuiwasha kutoka huko, haikuitika. Amri ile ilibaki hewani ikisubiri modemu. Na yeye hakushusha swichi kuu, kwa kuwa modemu ilitumia umeme wa kisanduku hicho hicho.

"Baba Gift! Toka!"

Muungurumo ukaimeza sauti yake. Aling'oa waya, pampu haikujali, amri ilishapokelewa. Akaurukia mpini wa swichi kuu. Viganja vilivyolowa jasho vikateleza mara mbili. Mara ya tatu akaning'inia kwa uzito wake wote.

Kimya kilichofuata kilimtisha kuliko kelele. Alipanda ngazi ya tangi akiita, asijibiwe. Alipofika juu alishindwa kuchungulia. Angemwambia nini Mama Gift?

Akachungulia. Bomba la kuingizia maji lilikuwa bado linachuruzika. Chini yake, katika tope, mzee alikuwa amelala kifudifudi.

Kisha akakohoa.

Dominika alishuka, akamwinua. Maji yalikuwa yamempiga mgongoni yakamwangusha, na nyusi ilikuwa imepasuka.

"Nani kawasha?"

Jina la Edmund lilimfika mdomoni, akalimeza kwanza. "Ni mimi, baba. Sikuzima swichi kuu."

Walipotoka walikaa juani. Alimfunga kidonda kwa kitambaa chake, akamweleza yote, hata ile amri. Kisha akampigia Edmund afute kila kilichokuwa kinasubiri. Edmund akauliza kwa sauti ndogo, "Yuko hai?"

Baba Gift akafungua kufuli la baiskeli yake, akaufunga nalo mpini wa swichi ukiwa chini, akatia ufunguo mfukoni.

"Tope litasubiri kesho," alisema. "Leo siingii tena humo."

Dominika hakugusa modemu mpaka jioni. Kila mara aliposogeza mkono, aliurudisha.