Shingo ya Mwalimu wa Kwaya

Mwaka wa 1971 shingo ya mume wangu ilikwama ikitazama kushoto, na kushoto kwake, kwaya inapojipanga, ndipo aliposimama Milka. Milka alikuwa na sauti nyororo, meno mazuri, na hakuwa na mume. Mimi siimbi. Nilikaa benchi la mbele nikiwatazama wote wawili.

"Ni baridi ya ziwa, Mama Wahu," Hiram aliniambia nyumbani, akigeuza mwili mzima ili anione.

"Hiyo baridi imejua kuchagua upande!" nikamjibu.

Hospitalini walimpa dawa ya kuchua, ikamsaidia mpaka Jumatano, siku ya mazoezi. Kila Jumatano alirudi shingo imekaza zaidi. Moyo uliniuma, sitaficha. Nilitaka shingo ile irudi katikati, na nilitaka kujua ni nini kilichoipeleka kule.

Tayari nilikuwa nikimpeleka baba yangu, Mzee Zacchaeus, kwa Bi Habiba, mkandaji wa Kaloleni. Baba alikuwa amehamia kwetu kutoka Nyeri, na mgongo ulianza kumsumbua muda mfupi baada ya Hiram kumkaribisha kwenye kwaya. Aliimba besi. Au tuseme alisimama pamoja na waimbaji wa besi, upande wa kulia.

Jumamosi moja Bi Habiba alimlaza baba nyuma ya pazia la leso, kitambaa cha moto kiunoni. Kisha Hiram, niliyemwambia aje akandwe shingo, akaingia, hana habari kwamba baba yuko, akavua shati na kulala upande wa huku. Bi Habiba akanikonyeza. Nami nikalivuta pazia vizuri kama mtu mwema.

"Hakuna mfupa umeteguka hapa," alisema, vidole vikizama shingoni. "Ni mishipa imekaza. Mtu akiogopa, mwili unajikunja kama unangoja kofi. Ukiogopa kila wiki, unasahau kujikunjua. Sasa niambie, huko kwaya kulia kuna nani?"

"Watu wa besi."

"Nani hasa?"

Hiram akashusha pumzi. "Ni baba mkwe. Mama, yule mzee akifungua mdomo ni kama trekta ya miwa imekwama kwa matope ya Muhoroni. Wote wananiangalia mimi. Na mimi nitamwambiaje? Ni baba ya bibi yangu! Nikimwangalia tu, nasikia hapa nyuma panafungwa."

Pazia likakohoa.

"Na nani alikwambia mimi nataka kuimba?" sauti ya baba ikatoka. "Ni wewe uliniita. Ningekataa mkwe wangu? Mimi Jumatano nikivaa viatu tu, mgongo unashika. Nimeomba Mungu unifukuze!"

Hiram aligeuka kulia, haraka, kichwa chote, akatazama leso ile mdomo wazi. Bi Habiba akapiga makofi. Ndipo Hiram alipogundua shingo yake imefika wapi, akaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyeokota kitu chake sokoni. Baba alianza kucheka kule nyuma, Hiram akafuata, na mimi nikalia machozi kwa furaha. Kwa hiyo haikuwa Milka! Ilikuwa heshima tu, heshima ya wanaume wawili wasiothubutu kuambiana ukweli.

Siku iliyofuata baba alikaa nami benchini, amejinyoosha vizuri, mikono magotini. Kwaya iliimba vizuri sana. Hiram aligeuka kulia akawapa besi ishara, akarudi katikati bila shida. Halafu akageuka kushoto, kwa Milka, akatabasamu. Ubeti wa pili, kushoto tena. Wa tatu pia, na shingo ilikuwa laini kabisa.

Tulipotoka kanisani nilijaribu kumsalimia mke wa mchungaji, aliyekuwa kulia kwangu. Shingo ikagoma.

"Baridi ya ziwa?" Hiram akaniuliza.

Kesho yake nililala kwenye mkeka wa Bi Habiba, na hata kabla hajanigusa alikuwa anacheka.