Tumbo la Agutu

Tangu mota ya pampu ya maji ilipoungua, haikupita asubuhi Nesi Wilhelmina asiwakute wasichana kwenye benchi la nje ya chumba chake, wameinama, mikono tumboni. Shule yao ya bweni ilikuwa mwambaoni mwa ziwa, mbele kidogo ya Pasiansi. Siku hizo kila kitu kilikuwa ni wazazi wachangie, na mchango wa mota ulikuwa haujatosha. Kwa hiyo wasichana waliteremka ziwani na ndoo, wakaingia majini hadi magotini katikati ya matete, wakachota maji ya kupikia, ya kufulia na ya kuogea.

Kabatini Wilhelmina alikuwa na klorokwini, panadol na dawa ya zambarau ya kupaka vidonda. Alimuuliza kila msichana maswali yale yale. Homa imeanza lini? Unaharisha? Choo kina damu? Wenye homa aliwapa klorokwini. Waliokubali kwamba kuna damu, na walikubali kwa sauti ndogo wakitazama sakafu, hakuwa na cha kuwapa.

“Ni kichocho, Mkuu,” alimwambia mkuu wa shule, Mwalimu Shimba, kwa mara nyingine. “Tuwazuie kuingia majini.”

“Sista, mimi ndiye wa kufundishwa kichocho?” Mwalimu Shimba alikuwa mwalimu wa biolojia. Wiki ile ile alikuwa amewachorea kidato cha pili konokono ubaoni, na mishale ya kuonyesha mdudu anavyotoka kwa konokono na kupenya ngozi ya mtu. “Niambie basi, ugali wa watoto wote hawa niusonge kwa maji ya wapi?”

Wilhelmina alirudi kwa wagonjwa wake. Angekuwa anabishana na mjinga, asingeumia vile.

Shuleni pale kila muhula ulifunguliwa kwa wasichana kulazwa kitandani mmoja mmoja, nesi awabonyeze matumbo kuona kama kuna mwenye mimba. Wilhelmina aliichukia kazi hiyo. Muhula ule, alipomfikia Agutu, msichana mwembamba wa kidato cha pili kutoka Shirati, matroni aliyesimama mlangoni aliguna. Tumbo la Agutu lilikuwa limetokeza chini ya sketi.

Wilhelmina alilibonyeza taratibu. Mimba huanzia kinenani ikapanda juu. Uvimbe huu ulitokea chini ya mbavu za kushoto ukishuka, mgumu, na kingo zake alizisikia kwa vidole. Ilikuwa bandama.

“Unapata siku zako?”

“Napata, nesi. Hata sasa.”

“Umevimba tangu lini?”

“Tangu mwaka jana. Nilikuja hapa, ukanipa klorokwini.”

Wilhelmina alimfunika shuka. Alimwambia matroni kwamba huyu si mjamzito, ni mgonjwa, na apelekwe hospitali akapimwe choo. Kisha akaenda kumweleza mkuu hayo hayo.

“Una hakika?” aliuliza Mwalimu Shimba.

“Nina hakika si mimba. Ugonjwa wenyewe utathibitishwa na maabara.”

“Basi hatuna hakika. Mzazi wake aitwe.”

Otuoma, baba yake Agutu, alikuwa fundi wa mitumbwi. Alifika akiwa amevaa koti, akaingizwa katika chumba cha walimu, na mbele ya walimu wote akaambiwa binti yake ana mimba na amefukuzwa shule. Wilhelmina hakuitwa. Alipata habari kutoka kwa wasichana waliokuja mbio, naye akawakuta baba na mtoto getini, sanduku la bati liko kichwani kwa Agutu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.” Hakumtazama.

“Mimi ndiye nesi niliyempima. Mtoto wako hana mimba.”

Otuoma alisimama. “Walimu wake wamesema anayo.”

“Walimu hawajamgusa. Nipe leo tu, mzee, twende wote hospitali. Ikiwa nasema uongo, basi la kwenda kwenu litakuwepo kesho.”

Mzee alimtazama binti yake, ambaye machozi yalikuwa yamemkauka mashavuni. Akamtua lile sanduku, akalibeba mwenyewe.

Hospitalini hapakuwa na ubishi. Mimba hakuna, mayai ya kichocho tele. Agutu alipewa vidonge, akavimeza pale pale. Wilhelmina aliomba vya wengine shuleni, akaambiwa wagonjwa waletwe wapimwe. Alicheka peke yake, kicheko kibaya. Awalete nusu ya shule kwa gari gani?

Mwalimu Shimba alipopewa majibu aliyapokea upesi mno. “Vizuri. Arudi darasani.”

“Mwalimu,” alisema Otuoma, “ulimtangaza mbele ya watu. Mkanushie mbele ya watu.”

“Mzee, mambo yamekwisha. Tusiyachokonoe.”

Wilhelmina alidhani mzee angemchukua mtoto wake aondoke, wala asingemlaumu. Lakini Otuoma aliomba aonyeshwe wanapochota maji. Alisimama ufukweni akiwatazama wakiingia majini na ndoo. Kisha akaazima msumeno na shoka, akanunua mbao na nguzo kwa watu aliofahamiana nao mwaloni, mitumbwi inakotia nanga, na siku zilizofuata akajenga daraja la mbao lililopita juu ya matete hadi kwenye kina, ili wasichana wachote kwa kamba na ndoo bila kulowesha miguu. Wilhelmina naye alihimiza maji yalazwe mapipani siku mbili, wadudu wafe, kabla ya kuogewa.

Jumatatu, kwenye mstari wa asubuhi, Mwalimu Shimba aliusifu uongozi wa shule kwa daraja jipya. Wanafunzi walipiga makofi. Agutu alinyoosha mkono.

“Mkuu, na habari ya mimba yangu?”

Makofi yalikatika. Mwalimu Shimba alimwambia ashushe mkono. Hapo Wilhelmina akatoka kwenye safu ya walimu.

“Agutu hakuwa na mimba,” alisema kwa nguvu. “Alikuwa na kichocho, na wengi wenu mnacho. Mwenye damu chooni asione aibu, aje kwangu.”

Alipewa onyo kwa kumvunjia mkuu heshima. Alilisikiliza amesimama, akarudi chumbani kwake, akakuta wasichana wamejaa benchi hadi kwenye nyasi, wote wamekuja kusema ukweli. Akawapima mmoja mmoja. Kabatini bado mlikuwa na klorokwini, panadol na dawa ya vidonda.

“Dawa yake ipo, nesi?” aliuliza wa kwanza.

“Ipo mjini,” alisema Wilhelmina, na hasira ikamfanya ashindwe kumtazama. “Nitaifuata mpaka wanichoke.”