Kibuyu cha Kupatana

Kokushubila alipiga magoti juu ya majani yaliyotandikwa sakafuni, akapokea kibuyu cha lubisi, pombe ya ndizi, kutoka kwa shemeji yake. Wazee wa baraza la usuluhishi walikaa vitini. Yeye, mwenye nyumba, alikuwa chini. Mumewe, Rwegasira, alizikwa hapo nje kwenye migomba, na Aristides, mdogo wa marehemu, alikuwa anakitaka kibanja, nyumba pamoja na shamba lake la migomba. Ukoo ulisema Rwegasira hakuacha mtoto. Aliacha Clotilda, wa miaka sita, lakini wa kike hahesabiwi.

"Kunywa, shemeji," Aristides alisema kwa upole. "Sisi si watu wa kugombana."

Angekataaje? Mke aliyelelewa vizuri hakatai kibuyu cha mashemeji mbele ya wazee, hata kama rohoni anawaka moto. Alikunywa funda moja, akakirudisha kwa mikono miwili, akangoja kikao kianze.

Mwenyekiti Lwakatare akasimama. "Basi, yamekwisha. Wamepatana."

"Waitu, wazee wangu, mbona sijasema neno?"

"Umekunywa naye, mama. Mwenye ugomvi hanywi. Kibanja ni cha Aristides. Wewe utalala jikoni mpaka kwenu waje kukuchukua."

"Na mwanangu?"

"Mtoto ni wa ukoo. Atabaki."

Wazee walimuaga kwa heshima zote, na hiyo heshima ndiyo iliyomuuma zaidi.

Alikwenda mahakamani Muleba kwa miguu kushtaki. Karani, kijana wa suruali iliyonyooshwa pasi, hakumwacha hata amalize.

"Mmeshasuluhishwa, mama. Mambo ya kuburutana mahakamani tuliwaachia wakoloni."

"Watanichukulia mtoto."

"Rudi ukazungumze na ndugu zako."

Ndugu! Hao hao waliomnyang'anya.

Jumapili kulikuwa na mkutano wa chama, na mgeni alitoka Bukoba. Lwakatare akamwita Kokushubila mbele, akamsimamisha kando ya Aristides.

"Hawa walikuwa na ugomvi," alimwambia mgeni. "Tumewapatanisha wenyewe, bila wakili, bila hakimu. Huu ndio ujamaa!"

Aristides akaushika mkono wa shemeji yake, akauinua juu. Watu wakashangilia. Clotilda, kwenye mstari wa mbele, aliuona mkono wa mama yake uko juu, akadhani wameshinda. Akapiga makofi kwa nguvu zake zote.