Cheti cha Ghorofani

Meza mgambo waliichukua Jumatatu, mwavuli wakauchukua Jumanne, na leo Jumatano Mama Kiapo kakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mashine ya kuchapa kaipakata mapajani kama mtoto mwenye homa. Akigonga herufi tatu, mashine inateleza kuelekea magotini. Anaivuta. Anagonga. Inateleza tena. Mbele yake kachuchumaa mzee mmoja, karatasi za kiwanja chake kazishika kwa mikono miwili.

"Andika hapo kwamba aliyenidhulumu ni mshenzi."

"Siandiki hivyo, baba. Naandika 'mjibu maombi'."

"Ndiyo mshenzi kwa lugha ya huko ndani?"

"Ndiyo huyohuyo. Wewe weka sahihi."

Miaka kumi na moja kakaa nje ya ukuta huu wa mahakama, anachapa viapo vya watu: waliopoteza vitambulisho, waliobadili majina, wajane walionyang'anywa nyumba na mashemeji. Jina lake halisi nadhani hata yeye huwa anajiuliza kabla ya kulitaja. Hakimu akikuta hati imeharibika, anasema, "Nenda kwa Mama Kiapo akutengenezee."

Sasa tangazo limebandikwa getini. Kuanzia mwakani, anayewaandalia wananchi hati za mahakama awe msaidizi wa kisheria mwenye cheti cha chuo kinachotambulika. Mwenye nacho atapewa meza ndani, chumba cha msaada wa kisheria. Asiye nacho akionekana ukutani, atakamatwa. Walipewa mpaka mwisho wa mwaka. Mgambo wamekuja mapema kwa sababu mgambo ndio walivyo, hawajawahi kusubiri kitu.

"Shangazi," mlinzi wa geti akamwambia, "kasome bwana. Ndani kuna feni. Utazeeka na ubaridi."

"Nimeshazeeka na jua, hiyo baridi itanikuta wapi?"

Alicheka, akaivuta tena mashine mapajani. Hajui kazi nyingine. Akitolewa ukutani ndiyo basi tena.

Jumapili mchana wakatandaza karatasi mbili za vyuo kitandani, yeye na dada yake mkubwa, ambaye ni mfagizi wa wodi hospitalini. Wanaishi chumba kimoja, pazia katikati, na nyuma ya pazia amelala mama yao, mwaka wa nne huu hajanyanyuka. Dada anaingia kazini usiku, Mama Kiapo mchana. Jirani anachungulia pale katikati. Wamezoea hivyo.

"Hiki cha serikali," dada akasema, "miaka miwili, mji mwingine, bweni ni lazima. Sasa usiku mama atageuzwa na nani?"

"Nawasikia," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Msinijadili kama mzigo wa stendi."

"Hatukujadili, mama. Tunajadili shule."

"Basi mwacheni asome. Mimi naweza kufa taratibu tu, sina haraka."

Wakacheka wote watatu. Dada akainua karatasi nyingine.

"Na hiki cha pili?"

"Miezi tisa. Jioni tu, saa kumi na moja mpaka moja. Ng'ambo ya barabara pale mahakamani, ghorofani, juu ya duka la saruji."

"Chuo gani hicho cha juu ya saruji? Umeuliza kama kinatambulika?"

"Kesho nauliza."

Na kweli aliuliza. Tena asije mtu akasema hakuuliza. Alipanda zile ngazi na swali lake mdomoni, akalitoa kabla hajakaribishwa kiti. Mkuu wa chuo, suruali imepigwa pasi mpaka inameta, akainuka, akatungua fremu ukutani, akamwekea mikononi.

"Jionee mwenyewe, mheshimiwa. Usajili huo. Serikali hiyo."

Pale ndipo alipokosea, na lile kosa ni la watu wa ukutani tu, mwingine asingelifanya. Miaka yote kamwona karani wa masjala akipokea mafaili. Karani hasomi. Atayasoma saa ngapi, yapo mia? Anafunua ukurasa wa mwisho, anautazama muhuri, kama ni ule wa kubana karatasi unaoacha uvimbe, anagonga "imepokelewa". Muhuri usipokuwepo anakurudishia, hata kama umeandika mambo ya kumliza hakimu. Mama Kiapo kajifunza hivyo na ndivyo anavyowafundisha wateja wake: muhuri kwanza, maneno baadaye. Basi akaiinamisha fremu kwenye mwanga wa dirisha. Uvimbe ule pale. Ngao ya taifa, maandishi ya mduara, kila kitu. Muhuri wa kweli kabisa, haukughushiwa.

Akajiandikisha.

Miezi tisa akawa anatoka kwenye ndoo anapanda ghorofani, nguo zimejaa vumbi la barabara, anakaa mbele. Mwalimu wa mirathi alikuwa afisa wa mahakama hiyohiyo, anakuja na kitambulisho cha kazi kinaning'inia shingoni. Mara nyingi alikuwa amechoka. "Mama Kiapo, waeleze wenzako kiapo kinavyoandaliwa," anasema, halafu anatazama simu. Na yeye anaeleza. Darasa zima likamaliza na daftari zilizojaa maneno yake. Mtihani akaongoza. Siku aliyoleta cheti nyumbani, mama yake alitaka asomewe mara mbili, jina lote, polepole.

Desemba akakipeleka kuhakikiwa. Mahakamani, dirisha namba nne. Afisa kijana akashuka na kidole kwenye orodha, akapanda nacho, akashuka tena.

"Chuo hiki hakimo."

"Hakimo wapi, mwanangu?"

"Kwenye vyuo vinavyotambulika."

"Kimesajiliwa. Muhuri nimeuona kwa macho yangu."

"Na maneno juu ya muhuri uliyasoma?"

Mama Kiapo akainama kukitazama tena cheti chake kupitia kioo.

"Ule ni usajili wa jina la biashara," afisa akasema, wala hakuwa mkali. "Kama saluni. Kama hilo duka la saruji hapo chini. Ruhusa ya kufundisha sheria hawana."

"Mwalimu wetu wa mirathi anakaa mlango wa tatu kutoka hapa."

Kijana akageuza shingo akautazama ule mlango, akashusha sauti. "Yule anafundisha kwa muda wake. Muda wake hautuhusu."

"Jioni hii kuna watu sitini watapanda ngazi zile. Mbona hamwaambii?"

"Orodha imebandikwa, shangazi."

"Imebandikwa wapi?"

"Ubaoni. Humu ndani."

"Na humu ndani hamruhusu kuingia asiye na cheti wala shauri."

Afisa akapangusa kwa kiganja kioo ambacho hakikuwa na uchafu. Halafu akamtazama vizuri. "Si wewe uliyenichapia kiapo changu cha jina, wakati naajiriwa?"

"Ndiye mimi."

"Kazi safi sana ile. Haikurudishwa." Akamsukumia cheti chake chini ya kioo. "Kata rufaa. Ila fomu lazima ijazwe na msaidizi wa kisheria anayetambulika. Chumba cha msaada, meza namba mbili."

Akapewa namba, akasubiri kwenye benchi. Watu aliowachapia hati walipita wakamsalimia, mmoja akamuuliza, "Na wewe umeshtakiwa?" Akasema hapana, nasubiri tu.

Meza namba mbili kulikuwa na binti ambaye Mama Kiapo angeweza kumzaa. Cheti cha kile chuo cha miaka miwili kimening'inia nyuma ya kichwa chake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Binti akaitazama fomu mbele na nyuma. Sikio likaanza kumwiva. "Samahani, mama. Hii sijawahi kuijaza. Chuoni hatukufika huku, tulikuwa tunasoma nadharia tu."

"Andika," Mama Kiapo akasema. "Nitakutajia."

Akamtajia. Kichwa cha shauri, wahusika, sababu ya kwanza, sababu ya pili. Binti alikuwa na mwandiko mzuri, na alishukuru kila baada ya mstari. Walipofika mwisho akasita.

"Kuna lile tamko la lazima. Silikumbuki."

Mama Kiapo alilijua. Kalichapa mara elfu ngapi, chini ya majina ya watu wengine; maneno ya msaidizi anayetambulika ndiyo mapya, ya tangazo la getini. Akamtajia bila kupumzika: "Mimi mwombaji, nikiwa mtu nisiye na ujuzi wowote wa sheria, nathibitisha kwamba hati hii nimeandaliwa na msaidizi wa kisheria anayetambulika, nikasomewa, nikaielewa."

"Linakaa juu ya sahihi au chini?"

"Juu."

"Yako au yangu?"

"Yangu."

Akaweka sahihi. Binti akagonga muhuri wa jina lake pembeni, akashusha pumzi. "Utaitwa."

"Lini?"

"Hawakutuambia." Akavuta droo, akatoa mafaili mawili, akayasukuma mbele kwa aibu. "Mama, kabla sijamwita anayefuata, niangalizie na haya. Tafadhali."

Upande wa mteja hakukuwa na kiti. Mama Kiapo akayafungua amesimama, akaomba penseli, akaanza kukata na kuongeza, na binti akawa ananakili papo hapo, akigonga jina lake chini ya kila ukurasa uliokwisha.